Mkanda Uliokatika Njia ya Nangurukuru

Enzi hizo Njinjo nzima ilikuwa na gari moja, na gari hilo lilikuwa la baba yangu. Nikiwaambia wajukuu zangu hivyo, wanadhani tulikuwa matajiri. Hawajui kwamba mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba ya katani, kwamba honi ililia pale ilipotaka yenyewe, na kwamba turubai la nyuma lilikuwa na viraka vingi kuliko turubai lenyewe. Lakini lilitembea. Liliteremka pwani Kivinje na magunia ya ufuta, likarudi na chumvi, mafuta ya taa na samaki wakavu wa ng'onda. Lilibeba wagonjwa, lilibeba maharusi, na maiti pia lilibeba. Likipita, sisi watoto tulilikimbilia kwa nyuma tukivuta ule moshi puani kana kwamba ni harufu ya pilau, mpaka mwalimu alipotupigia kelele turudi kwenye mchakamchaka.

Wa rika langu mtanielewa. Tulikwenda shule na fagio mkononi na kipande cha muhogo wa kuchoma mfukoni. Tulicheza rede kwa mpira wa matambara, tukacheza mdako mpaka kucha zikajaa udongo, tukala maembe mabichi kwa chumvi hadi meno yakafa ganzi. Mtoto wa jirani akikukuta na kosa alikusemea, na mama yake akikukuta alikuchapa, kisha ukifika nyumbani unachapwa tena kwa kuwa umechapwa.

Mimi nilikuwa peke yangu. Kabla yangu walizaliwa wawili, hawakukaa. Baada yangu hakuja mtu. Nyumba za wenzangu zilikuwa zimejaa ndugu wanaogombania ukoko wa wali, na kwetu ukoko ulikuwa wangu wote, nao hauna utamu mtu anapokula bila kugombana. Jua likizama wenzangu waliitwa kwa majina manne matano kwa mpigo. Mimi niliitwa jina moja tu, Somoe, na nikaenda.

Ndiyo maana nilimfuata baba kwenye gari. Alfajiri, baada ya kuswali, kabla injini haijapata moto, alifungua boneti na mimi nikapanda juu ya debe ili nione ndani. Bibi, mama yake baba, hakupenda. Alikuwa akisema, "Mtoto wa kike haingizi kichwa kwenye mdomo wa gari." Na baba alimjibu kwa upole, "Mwache aingize, mama. Haling'ati."

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni mkanda wa feni. Ulikuwa mkanda mweusi wa mpira, mnene kama kidole gumba cha mtu mzima, umezunguka puli tatu. Injini ikizunguka, mkanda huo ndio unaoivuta feni ipulize, ndio unaoizungusha pampu ipeleke maji, ndio unaoizungusha altaneta ijaze betri. "Huu ukikatika," alisema, "injini haifi palepale. Inaendelea kidogo, na wewe unajiona uko salama. Kisha inachemka." Alinionyesha kuubonyeza katikati kwa kidole. Ukizama sana umelegea, utateleza. Usipozama kabisa umekazwa mno, utaua bearingi. Alinionyesha kuupindua upande wa ndani na kutafuta nyufa ndogondogo, na kutazama ukingo kama umeanza kutoka nyuzi, na kuugusa kama umekuwa laini wa kung'aa, maana mkanda unaong'aa umeshachoka. Na alikuwa na neno lake alilolirudia kila siku: "Mkanda haukatiki ghafla. Unakwambia kwanza. Wewe tu ndiye husikii."

Vijana wa leo wakisikia mkanda unalia, wanaongeza sauti ya muziki. Nimewaona kwa macho yangu. Taa nyekundu inawaka pale mbele, kijana anaifunika na kitambaa kwa kuwa inamuumiza macho.

Mama yangu alikuwa mtu wa kisiwa cha Songo Songo. Baba alimpata katika safari zake za Kivinje, akamleta bara, mbali na bahari, kati ya watu waliolima ufuta na kuzungumza Kimatumbi. Bibi alimsemesha Kimatumbi, mama akamjibu kwa Kiswahili, na kila mmoja akabaki na lake. Alitia nazi kwenye kila chakula, hata kwenye maboga, na wanawake wa kijijini walimcheka. Nazi zenyewe baba alimletea kutoka pwani, naye alizipanga chini ya kitanda. Jioni alikaa kizingitini akitazama upande ambao gari hutokea. Nilidhani anamsubiri baba. Siku moja baba alikuwa amekaa uani, anakunywa uji, na mama bado alikuwa akitazama upande ule ule.

Sababu za kuachana kwao sikuambiwa. Nilipokuwa mkubwa niliambiwa nyingi, kila aliyeniambia na yake. Wakati ule niliambiwa tu kwamba mama anakwenda kumwangalia bibi yangu wa kisiwani ambaye anaumwa, na kwamba nitawasindikiza mpaka Kivinje. Nilifurahi, nikavaa gauni la Idi. Kisha nikaona wanavyopakia. Godoro lilipakiwa. Sufuria zilipakiwa, na kinu kidogo, na mwisho akatoka Bibi akiwa ameshika mbuzi ya kukunia nazi, akaiweka garini. Nilikuwa mdogo, lakini hilo nililijua. Mtu anayekwenda kumwangalia mgonjwa habebi mbuzi ya kukunia nazi.

Siku hiyo baba hakupakia abiria. Watu walikuja na vifurushi vyao kama kawaida, akawaambia, "Leo hapana." Nao wakatazama lile godoro, wakarudi na vifurushi vyao. Na asubuhi hiyo, mara ya kwanza tangu nianze kupanda debe, baba hakufungua boneti.

Tulikaa watatu mbele, mimi katikati. Mkanda ulianza kulia tukiwa bado tunauona moshi wa majiko ya kijijini, sauti nyembamba kama ya mtoto wa mbuzi aliyeachwa na mama yake. Nilimtazama baba. Alikuwa akitazama barabara. Nikasema, "Baba, mkanda unalia." Akasema, "Nausikia." Lakini hakusimama.

Ulikatika msituni, mahali ambapo hapana nyumba wala shamba. Tulisikia kitu kinapiga chini ya boneti mara mbili tatu, kisha kimya, kisha mshale wa joto ukaanza kupanda. Baba alizima gari, likaserereka lenyewe hadi kivulini. Alipofungua boneti mvuke ulimpiga usoni. Mkanda ulikuwa umeninginia kwenye puli ya chini, umechanika na kutoka nyuzi, kama kamba ya ndoo iliyolika kisimani.

Alikuwa na mwingine. Madereva wa enzi zile, kwa jinsi vipuri vilivyokuwa adimu, hawakutupa kitu, na chini ya kiti alikuwa ameweka mkanda wa zamani aliowahi kuuvua kabla haujaisha kabisa. Aliupindua, akaukagua, akasema, "Huu utatufikisha." Ila kwanza ilibidi injini ipoe. Basi tukakaa.

Nataka niseme ukweli kuhusu saa zile. Zilikuwa saa nzuri kuliko zote nilizokaa na wazazi wangu wote wawili. Mama alitandika khanga majanini, akafungua chakula cha njiani, wali wa nazi uliofungwa kwenye jani la mgomba na ng'onda wa kukaanga. Baba alikula. Nyumbani, siku nyingi zilizotangulia, alikuwa akila kwa Bibi. Akasema, "Wali wako una chumvi leo, Mama Somoe." Mama akasema, "Chumvi ni ile ile, Baba Somoe. Ulimi wako ndio ulikuwa haupo." Na baba akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka mbele ya mama tangu mvua zilizopita.

Nikaanza kuomba. Nilijua sura chache tu za kuswalia, nikazisoma zote, na katikati nikaomba mkanda ule wa zamani usienee. Niliomba uwe mfupi. Niliomba bolti zishike kutu. Niliona kabisa kwamba gari likikataa, jioni itaingia, tutarudi Njinjo kwa miguu, sufuria kichwani, na Bibi atakuwa amepika.

Injini ilipopoa, baba alilegeza bolti za altaneta na kuisukuma ndani. Akauvisha mkanda kwenye puli ya chini, akauvisha kwenye ya feni, akauvuta kwenye ya tatu. Ulienea. Sasa ilibaki kuukaza, na hiyo haikuwa kazi ya mtu mmoja. Lazima mmoja aisukume altaneta nje kwa kijiti, aishikilie hapo bila kutetereka, na mwingine akaze bolti. Kila siku kazi ya kijiti ilikuwa ya utingo wake, na siku hiyo utingo naye aliambiwa abaki.

Nilisogea nikasema, "Nitasukuma mimi." Baba akanitazama mikono. "Huwezi bado."

Mama alikuwa ameshasimama. Alijifunga khanga kiunoni, akachukua kile kijiti, akakiingiza alipoonyeshwa, akaegemea kwa uzito wake wote. Hakuwahi kugusa injini maishani mwake. Baba alisema, "Zaidi kidogo." Akaongeza. "Hapo hapo. Usiachie." Mama akasema, "Siachii, wewe kaza tu." Vichwa vyao vilikuwa vimekaribiana chini ya lile boneti, jasho la mmoja linadondokea mkono wa mwenzake. Baba alikaza bolti, akabonyeza mkanda kwa kidole, akamwambia, "Bonyeza na wewe." Mama akabonyeza. "Ndiyo hivyo?" "Ndiyo hivyo. Umejua."

Walibaki hapo kidogo, wakiutazama ule mkanda, ingawa hapakuwa na kitu tena cha kutazama. Nikadhani sasa atasema. Mmoja wao atasema, basi, turudi. Baba alifuta mikono yake kwenye kitambaa, kisha akampa mama kile kitambaa na yeye afute. Akajaza maji kwenye rejeta kutoka kwenye debe. Akashusha boneti.

Gari liliwaka mara ya kwanza.

Kuanzia hapo sikumbuki njia. Nililia kimyakimya nikiwa nimelaza kichwa kwenye mapaja ya mama, khanga yake inanuka oili na nazi, na joto la mchana likanishinda, nikalala. Nilipoamka jua lilikuwa limeshuka, gari lilikuwa linapita Nangurukuru kuelekea nyumbani, na upande wa mama palikuwa na mfuko wa chumvi. Baba hakugeuka kunitazama. Alisema tu, "Kuna mkate hapo, kula." Mkate sikuula.

Mwaka ule nilikaa na Bibi. Alinipenda kwa namna yake, lakini maboga aliyapika bila nazi. Likizo nilipelekwa kisiwani, nikamkuta mama ana mume mwingine, baadaye akawa na watoto wengine, nami nikawa mgeni anayechinjiwa kuku. Njinjo nako baba aliendelea kufungua boneti kila alfajiri, bila kukosa hata siku moja mpaka gari lilipokufa, na baada ya miaka akafuata na yeye. Hatukuwahi kuizungumza siku ile. Moyoni nilibeba lawama moja: kwamba hakuniamsha. Alimshusha mama yangu pwani, akashusha godoro na sufuria na ile mbuzi, akamwacha aende, na mimi nimelala garini kama gunia. Nilimstahi baba, nilimuuguza, nilimzika. Lakini hiyo niliibeba.

Sasa nakaa Lindi mjini. Nimestaafu uuguzi, mume wangu ametangulia, watoto wako Dar es Salaam. Nina kigari kidogo kinachonipeleka Kilangala kwenye mikorosho yangu na kunirudisha. Mwezi uliopita, nikiwasha asubuhi, nikasikia mlio ule ule mwembamba. Nilizima, nikafungua boneti. Magari ya siku hizi yana mkanda mmoja mpana wenye mifereji, unazunguka kila kitu, altaneta, pampu, kiyoyozi, unapinda huku na kule kama njia ya siafu. Niliupindua kwa kidole. Nyufa zilikuwa zimekatiza mifereji yote, na ukingo umeanza kutoka nyuzi.

Nikampigia mwanangu Jafari kumpa habari tu, maana ndiye aliyenichagulia gari. Akasema, "Mama, usijichoshe. Mwite fundi, atakuja hapo hapo nyumbani." Nikamwambia nitafanya mwenyewe. "Utafanya mwenyewe na nani?" Nikasema, "Mwenyewe, Jafari. Mwenyewe maana yake ni hiyo." Akacheka, akaniambia ana mtu anampigia upande wa pili.

Nilinunua mkanda sokoni, nikaulinganisha na wa zamani, urefu ule ule, mifereji ile ile. Nilichomoa waya wa betri. Nilifuata njia ya mkanda kwa kidole mara kadhaa, puli baada ya puli, hadi nilipoweza kuipita nikiwa nimefumba macho. Kijiti hakihitajiki siku hizi. Kuna puli ndogo yenye springi inayokaza mkanda yenyewe. Unairudisha nyuma kwa spana, unavua, unavisha, unaiachia polepole, basi. Nilihakikisha kila mfereji umekaa mahali pake, nikarudisha waya, nikawasha. Mlio ulikuwa umekwisha. Nilisimama uani mikono imejaa weusi, injini inanguruma vizuri, nikageuka niseme na mtu. Kulikuwa na kuku wa jirani tu.

Basi nikampigia mama. Ni bibi kizee sasa, yuko kule kule Songo Songo kwa mdogo wangu wa kiume, haoni vizuri lakini akili yake nzima. Mdogo wangu alimshikia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa?"

"Siumwi. Nimebadilisha mkanda wa gari."

Nikamuuliza kama anakumbuka siku mkanda ulipokatika msituni, alivyoshika kijiti baba akikaza bolti. Nikawa nasikia kuku wa kule na watoto wa kule.

"Kijiti sikumbuki," alisema. "Nakumbuka ulikuwa umelala."

"Nililala baadaye, mama. Baada ya kutengeneza."

"Ulikuwa umelala mapajani pangu, mate yananimwagikia. Tumefika Kivinje, chombo kinaningoja. Baba yako akataka kukuamsha. Akasema, si vizuri, mtoto aagane na mama yake. Ameshakushika bega, mimi nikaushika mkono wake nikautoa."

Nikauliza, "Kwa nini, mama?"

"Ungefungua macho nisingepanda," alisema. "Na ilikuwa lazima nipande. Nilimwambia, mwache, na akikuuliza usimwambie ni mimi niliyekataza, asije akanichukia. Hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Basi alikuwa mtu wa ahadi," alisema mama. Halafu akaniuliza bei ya korosho mwaka huu, nikamjibu, na mdogo wangu akasema salio linakwisha.

Nilizima gari, nikakaa kwenye kizingiti mpaka injini ikapoa.

Silaumu malezi ya enzi zetu, yalitukuza na tukawa watu. Lakini nawatazama wajukuu zangu wakija likizo. Mmoja ndiyo kwanza ameng'oka meno ya mbele, akimuuliza baba yake kwa nini hili na kwa nini lile, Jafari anapiga magoti, anamweleza mwanzo hadi mwisho, na mtoto hata hasikilizi, macho yako kwenye simu. Zamani ilikuwa inaniudhi. Sisi tukiuliza tuliambiwa, "Nenda kacheze." Tukaenda, tukacheza mdako na rede mpaka jua likazama, tukarudi tumekuwa watu wazima, na wengi waliokuwa na majibu walikuwa wameshazikwa. Baba yangu yuko Njinjo, chini ya udongo mwekundu, nyuma ya msikiti. Ijumaa nitakwenda. Ni mwendo, na sijui nitamwambia nini nikifika, lakini nitakwenda.